Paka wa Nje Ana Kwao: Uliza Kabla ya Kumbeba

(Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wakazi wa Kiandutu, Thika, katika baraza la wananchi. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wa kaunti nzima.)

 

Mara nyingi mkiniona hapa huwa nimekuja na habari za ng'ombe, nguruwe au kuku. Leo nimekuja na habari za paka. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, lakini yeyote kati yenu aliyewahi kuamka akakuta gunia la mahindi limetobolewa na panya anajua kwamba habari ya paka ni habari ya chakula.

Jambo lenyewe ni hili. Wako watu wenye huruma wanaopita mtaani mwetu. Wengine huja kutoa misaada, wengine ni wanafunzi, wengine ni majirani zetu tu kutoka mitaa yenye nyua na mageti. Wanamwona paka amelala juu ya bati, au ameketi kando ya jiko la hoteli, au anapekua karibu na jaa la taka. Hana ukanda shingoni, manyoya yana vumbi. Wanasema, "Maskini, huyu amepotea," au "Huyu ametupwa." Wanamtia kwenye katoni na kwenda naye. Mtu wa namna hiyo hana nia ya kuiba. Amesukumwa na huruma, nasi hatutaki kuizima huruma yake. Lakini mara nyingi paka huyo alikuwa na mwenyewe, alikuwa na kazi yake, na pengine alikuwa na watoto wanaomngoja chini ya kitanda cha mtu.

Kwa hivyo ombi langu leo ni moja, na ningependa mlibebe hadi nyumbani: uliza kwanza. Kuuliza si ujinga.

Kwa nini paka wetu huonekana kama hawana kwao

Tuanze na nyumba zetu. Wengi wetu hapa tunaishi katika chumba kimoja cha mabati. Ndani kuna kitanda, meza, jiko, mitungi ya maji na watoto. Mwenye nyumba akienda kibarua alfajiri hufunga mlango kwa kufuli. Ukimfungia paka humo mchana kutwa, joto la mabati litamtesa. Kwa hivyo paka hutolewa nje mlango ukifungwa, na hurudi jioni mlango ukifunguliwa. Mchana hulala penye kivuli, hutembea juu ya paa, hupita buchani kuona kama kuna kipande kilichoanguka, halafu hupita kwa mama wa samaki kuona kama kuna kichwa cha omena.

Paka mmoja anaweza kula kwenye milango mitatu. Kwa mama huyu anaitwa hivi, kwa watoto wa ploti ya pili anaitwa vingine, na kwa mzee wa kioski anaitwa Nyau tu. Mgeni akimwona anadhani hana mtu. Ukweli ni kwamba ana watu wengi.

Katika mitaa yenye nyumba za ua na geti, paka aliye barabarani huenda kweli amepotea. Mgeni anapokuja kwetu na kipimo hicho, hupima vibaya. Kiandutu, paka kuwa nje ni maisha yake ya kila siku.

Wala si jambo geni. Paka alianza kuishi na binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita, huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Katika kisiwa cha Cyprus, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta paka aliyezikwa kando ya binadamu yapata miaka 9,500 iliyopita. Tangu mwanzo paka aliingia katika maisha yetu kama mnyama wa ghalani, wa uani na wa kuzunguka. Paka wa kulala kwenye kochi amekuja baadaye sana.

Kazi anayofanya

Panya mnamjua kuliko ninavyomjua mimi. Anatoboa gunia, anakula unga, anatafuna nguo na daftari za watoto, na akitafuna waya wa umeme katika nyumba za mabati na mbao, sote tunajua kinachoweza kufuata. Mkojo wake unaweza kueneza ugonjwa uitwao leptospirosisi, hasa wakati wa mvua maji ya mitaro yanapofurika na kuingia nyumbani.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Jina la mtaa wetu linatokana na neno la Kikuyu, ndutu, yaani funza. Funza haishi kwa binadamu peke yake. Huingia pia kwa mbwa, paka, nguruwe na panya. Kwa hivyo kupunguza panya ni sehemu ya vita dhidi ya funza, pamoja na usafi wa sakafu na miguu.

Sitawadanganya kwamba paka mmoja atamaliza panya wa mtaa mzima. Taka zikibaki wazi, panya watazaana kumshinda. Lakini penye paka panya huogopa kujitokeza, na mwenye duka la nafaka huona tofauti. Paka asipokuwepo, watu hukimbilia sumu. Sumu ya panya katika chumba kimoja chenye watoto wadogo ni hatari kubwa. Na paka wa jirani akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Hapo utakuwa umempoteza mlinzi kwa ajili ya mwizi.

Hakuna daftari la paka

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Sikilizeni vizuri: leseni za mbwa. Katiba haikutaja leseni ya paka. Kwa hivyo ofisini kwetu hakuna daftari ambalo mtu anaweza kufungua akaona kwamba paka mweupe mwenye doa jeusi ni wa ploti fulani.

Daftari la paka wa Kiandutu ni ninyi. Ni mama mboga anayekaa pale tangu asubuhi hadi usiku. Ni watoto wanaocheza kwenye kichochoro. Ni mwenye bucha, fundi wa viatu, msimamizi wa ploti na mzee wa Nyumba Kumi. Anayembeba paka bila kuwauliza hao, ameamua jambo bila kulifungua daftari.

Na kumbukeni kwamba paka anayefugwa ni mali ya mtu. Aliyemchukua kwa nia njema, akidhani hana mwenyewe, hatuna haja ya kumburuta kwa chifu. Lakini akijitokeza mwenyewe, paka arudishwe mara moja. Akikataa kumrudisha, nia njema imekwisha na hapo ni jambo jingine.

Hasara inavyokuja

Chukulia mama anayeuza maharagwe, ndengu na mahindi kwenye kibanda. Ana paka jike ambaye kila usiku hulala juu ya magunia. Siku moja mchana paka yuko nje, anaota jua. Mgeni anapita, anamhurumia, anaondoka naye. Usiku huo hakuna kinachoonekana. Baada ya wiki moja mama anaona vinyesi vya panya kwenye ndengu. Baada ya mwezi anamwaga nafaka, na hasara hiyo hakuna bima inayoilipa. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Mgeni yule hataijua hasara hii kamwe. Huko aliko anaamini ameokoa uhai.

Hasara ya pili ni ya watoto wa paka. Paka jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Anaponyonyesha hutoka kutafuta chakula, na anaweza kukaa mbali na watoto wake kwa saa kadhaa. Akibebwa katika saa hizo, watoto wachanga watakufa kwa njaa na baridi mahali ambapo hakuna mtu anayewaona.

Huwa vilevile kinyume chake. Mtu anawakuta watoto wa paka peke yao nyuma ya choo au kwenye rundo la mbao, anadhani mama yao amewatupa, anawachukua na kuwapa maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuhara humuua mtoto wa paka haraka. Ukiwakuta wametulia na matumbo yao yamejaa, mama yao yuko. Rudi nyuma, kaa mbali, angalia kwa saa kadhaa. Watoto hao wanahitaji kukaa na mama yao hadi wafikishe angalau wiki 8.

Hasara ya tatu ni ya paka mwenyewe. Paka hushikamana na mahali. Ukimpeleka mtaa mwingine na kumwachilia, atajaribu kurudi alikotoka. Kati ya kwetu na mitaa mingi jirani kuna barabara ya Garissa na barabara kuu ya Thika. Magari ya huko hayasimami kwa ajili ya paka.

Jinsi ya kumtambua

Paka mwenye kwao, hata akiwa na vumbi, mara nyingi mwili wake umejaa. Mbavu hazijitokezi. Utamwona mahali pale pale saa zile zile. Ukimwangalia jioni, atauelekea mlango fulani na kulia hapo. Watoto wa mtaa wanamjua na yeye hawakimbii. Angalia pia masikio: ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa sawasawa, huenda ni alama ya daktari kuonyesha kwamba paka huyo tayari amehasiwa, yaani kuna watu waliomshughulikia. Usidhani ni kidonda cha vita.

Paka anayehitaji msaada huwa na dalili nyingine. Amekonda hadi uti wa mgongo unaonekana. Macho na pua vinatoa uchafu. Ana jeraha bichi, au anaburuta mguu. Anakaa mahali peupe bila kujali watu wala mbwa. Huyo asaidiwe. Lakini hata huyo, uliza kwanza, maana huenda mwenyewe anamtafuta tangu juzi. Na akichechemea tu, angaliwe nyayo. Hapa kwetu huenda ni funza, na dawa yake ni kumtibu palepale badala ya kumhamisha.

Ukimwona paka ufanye nini

Kwanza, waulize watu watatu walio karibu: mwenye kibanda, mtu wa ploti ile, na mtoto. Mtoto ndiye atakayekuambia ukweli wote, pamoja na jina.

Pili, wasipojua, mpe siku chache. Pita tena kesho na kesho kutwa, saa tofauti.

Tatu, kama paka anakubali kushikwa, mfungie shingoni ukanda wa karatasi, kwa gundi au selotepu, ulioandikwa: "Je, paka huyu ni wako? Piga simu," na nambari yako. Ufunge kwa nafasi ya vidole viwili. Karatasi ikinaswa inakatika yenyewe, haimnyongi. Akirudi kesho bila karatasi, au simu yako ikilia, umepata jibu.

Nne, mwambie mzee wa Nyumba Kumi. Picha moja kwenye kikundi cha simu cha mtaa hufika kila ploti kabla ya chai ya saa kumi.

Tano, baada ya yote hayo, ikiwa kweli hana mtu na anateseka, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, au utoe habari kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Lipo pia shirika la KSPCA, lenye makao yake Karen, Nairobi, ambalo hupokea wanyama walio katika dhiki. Lakini fikirieni: nafasi katika makao kama hayo ni chache. Kila nafasi inayochukuliwa na paka mwenye kwao, paka asiye na kwao ameikosa.

Wakati wa moto

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu tunajua moto unavyotutembelea. Nyumba zikiungua, watu huokoa watoto, vitambulisho na godoro. Paka hukimbia na kujificha, pengine chini ya mtaro, pengine ploti ya mbali. Anaweza kurudi baada ya siku mbili au wiki nzima, na atarudi palepale nyumba ilipokuwa, hata kama pamebaki majivu.

Siku hizo ndizo siku ambazo wasamaria wema huja kwa wingi. Wanamkuta paka ameketi juu ya mabati yaliyoungua, ana masizi mwili mzima, analia. Wanambeba. Na mwenyewe, ambaye amelala kanisani au kwa jamaa, anarudi kesho kutafuta kitu kimoja kilichosalia cha nyumba yake na hakikuti. Ndugu zangu mnaokuja kutusaidia, baada ya moto wekeni maji na chakula mahali hapo, mpigeni picha paka huyo, na mwachieni mzee wa mtaa habari zake. Aliyeungua atibiwe haraka, lakini iandikwe amepelekwa wapi.

Tujifunze kwa Lamu

Sisi si wa kwanza kuishi na paka wa nje. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejaa paka vichochoroni, bandarini na kwa wauza samaki. Wengi wao hawana mlango mmoja wa kuuita kwao, lakini ni paka wa mji. Huko msaada wa maana umekuwa kuwatibu na kuwahasi, kisha kuwarudisha vichochoroni mwao. Njia hiyo inatufaa na sisi. Anayewapenda paka wa Kiandutu, njia bora ya kuuonyesha upendo huo ni kulipia kuhasiwa kwa paka mmoja na chanjo yake, kisha kumrudisha kwa mwenyewe.

Sehemu yetu wenye paka

Nimewaambia wageni waulize. Sasa nasema na sisi, maana mgeni hawezi kujibiwa kama hatujulikani.

Mfanye paka wako ajulikane. Waambie majirani ni wako. Mpige picha kwa simu. Ukitaka kumvisha ukanda, tumia utepe mwepesi wa kitambaa unaokatika ukinaswa. Usitumie kamba ya nailoni wala waya. Paka hupita kwenye mabati na misumari, kamba ngumu itamnyonga.

Mhasi. Dume aliyehasiwa hazururi sana wala hapigani sana, na jike aliyefungwa kizazi hatakujazia nyumba watoto usioweza kuwalisha. Wengi wa paka wanaoteseka kwenye jaa ni watoto ambao hatukuwapangia.

Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi 3, na kila mwaka baada ya hapo. Ugonjwa huu, kwa visa karibu vyote vya binadamu duniani, hutokana na mbwa, lakini paka naye huupata na huuambukiza. Ukimwona paka amebadilika ghafla, anashambulia bila sababu, anatokwa na mate, anayumba, usimguse hata kwa huruma. Waondoe watoto, toa habari upesi. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje dalili, maana zikianza, tumechelewa.

Ukihama, hama na paka wako. Nasema hili kwa uchungu. Tunapakia vitu kwenye mkokoteni, paka hayupo, tunaenda. Mfungie usiku uliotangulia. Ukifika kwenye nyumba mpya, mweke ndani kwa wiki mbili hadi tatu, umlishe hapo, ndipo umtoe. La sivyo atarudi ploti ya zamani, na hapo ndipo atakapokuwa kweli paka asiye na kwao.

Na asiyempenda paka asimdhuru. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga na kumtesa mnyama. Hiyo inawahusu wote, wenye mtaa na wageni.

Mwisho

Ndugu zangu, ninapomaliza, namtuma kila mmoja wenu kazi ndogo. Mwenye paka, leo jioni mwambie jirani wa kulia na wa kushoto kwamba paka huyu ni wangu. Asiye na paka, ukimwona mtu anamtia paka kwenye katoni, msalimie kwa heshima, usimpigie kelele za mwizi, umwulize amemwuliza nani. Na mgeni wetu mwenye huruma, karibu Kiandutu. Simama kwenye kibanda cha kwanza utakachokiona, nunua ndizi mbili, halafu uulize: "Huyu nyau ni wa nani?" Utajibiwa.

Sasa nitapokea maswali. Walio na paka wa kuchanjwa waandikishe majina kwa mzee wa Nyumba Kumi kabla hatujaachana.